Je, Wajua Kwa Nini Watu Hukodolea Macho Mpigaji wa Muziki wa Kielektroniki?

Ukimtazama mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, hapa Kisumu, unaona kila sauti inakotoka: vidole viko kwenye nyuzi 8, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inagonga ukingo wa chombo, na njuga ziitwazo gara zinalia mguuni. Mweke kando yake kijana aliyeinamia mashine ya ngoma, yaani kifaa cha umeme kinachotoa midundo, na kipakatalishi. Anagusa kitufe kimoja tu, ukumbi mzima unatikisika. Macho hayakuona kazi yoyote, na bado hayambanduki. Kwa nini?

Mashine nyingi za ngoma hugawa kipimo kimoja cha muziki, yaani midundo minne, katika hatua 16. Kwa mwendo wa midundo 120 kwa dakika, kila hatua huchukua sehemu ya nane ya sekunde. Mpigaji huiachia mashine kazi hiyo ya kurudia, naye akabaki na kazi ya kuchagua: besi iondolewe lini, sauti ipi izibwe hadi isikike kana kwamba inatoka nyuma ya ukuta, na yote yarejeshwe wakati gani. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye utamu wenyewe. Besi ikiondolewa kwa vipimo 16, hizo ni sekunde 32 za kungoja, na kila aliye ukumbini anajua kwamba itarudi bila kujua ni lini, kwa hiyo anauchunguza ule mkono kama mvuvi wa ufuo wa Dunga anavyolichunguza wingu. Mpigaji akiirudisha mapema mno, umati unapoa mbele yake, na hawezi kulifuta kosa hilo.

Chombo cha theremin, alichokibuni Mrusi Leon Theremin yapata mwaka 1920, kinaonyesha waziwazi kwa nini macho huufuata mkono. Hakiguswi kabisa: mwili wa mpigaji huathiri umeme ulio karibu na antena mbili, mkono mmoja ukiongoza wembamba na unene wa sauti, mwingine ukiongoza nguvu yake. Kidole kikitetemeka, sauti hutetemeka papo hapo, na mtazamaji huridhika kwa kuona uhusiano huo, hata uwe mwembamba kama uzi.

Ndiyo sababu huniuma kuona meza ya mpigaji ikiwekwa juu jukwaani, vifaa vimefichwa nyuma ya kitambaa. Ishusheni katikati ya watu, kama anavyoketi mpiga nyatiti kwenye kigoda chake, tuione mikono.