Mendoza: ukiingia bodega ya zamani achana na mapipa, angalia zege

Watu wakishajua kazi yangu ni mvinyo wananitumia meseji wakipanga safari ya Mendoza, kule magharibi mwa Argentina chini ya milima ya Andes, na karibu wote wanataka zile bodega mpya (bodega ndo wanavyoita kiwanda cha mvinyo kule) zenye vioo vikubwa na mgahawa unaotazama theluji. Sikatai, ni nzuri, Catena Zapata walijenga piramidi yao 2001 kwa mtindo wa Wamaya na picha zinatoka safi kweli, ila ukishapiga picha bado hujajua mvinyo wa Mendoza umefikaje hapo ulipo. Mi nasema siku ya kwanza nenda Maipú na Godoy Cruz, vitongoji vya jirani na mji, kwenye majengo ya zamani, hayo mapya yafuate.

Cha kwanza ukifika angalia juu, kwenye dari. Tarehe 20 Machi 1861 tetemeko liliubomoa mji wa Mendoza karibu wote, kwa hiyo waliokuja kujenga viwanda miaka ya 1880 na kuendelea walikuwa wanajenga kwa woga, kuta nene za matofali na paa jepesi la boriti, matete na udongo. Ukitokea pwani yetu utaona kama nyumba ya fito na udongo imepandishwa juu ikawa paa. Likitikisika linacheza na halikuangukii kama zigo la mawe, tena linazuia joto, na joto ndo adui mkubwa wa mvinyo kabla ya umeme wa kupoozea.

Halafu ulizia reli iko wapi. Treni ilifika Mendoza mwaka 1885, na ukiangalia tarehe za kuanzishwa kwa bodega utaona zimejipanga pembeni ya mwaka huo, Trapiche 1883, Escorihuela 1884, La Rural ya Felipe Rutini 1885, Norton 1895 (huyu Edmund Norton alikuwa injinia Mwingereza, mtu wa reli hasa), López 1898. Sio bahati. Kabla ya treni mvinyo ulikuwa unavushwa nyika yote kwa mikokoteni mpaka Buenos Aires, sasa ghafla mji mkubwa umejaa wahamiaji wa Kiitalia na Kihispania wanaokunywa mvinyo mchana na jioni, na kuna namna ya kuwafikishia. Jengo la Trapiche pale Maipú, la 1912, lina reli za zamani zinapita mlangoni kabisa. Liliachwa miongo mingi hivi hivi, wakalifufua 2008, na kwangu mimi ndo ziara ya kuanza nayo kama una nafasi ya bodega moja tu.

Sasa hilo zege. Kila mgeni anakimbilia chumba cha mapipa madogo ya mwaloni, yale ya lita 225, anadhani ndo historia yenyewe, kumbe pale Mendoza hayo yameenea juzi tu, mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990. Zamani mvinyo ulikaa kwenye mapipa makubwa ya maelfu ya lita, mengine marefu kuliko mtu, na kwenye matangi ya zege yaliyojengwa ndani ya ukuta, yana kimlango kidogo cha chuma chini ambapo mtu anaingia kusafisha. Zege haliweki ladha ya mbao, na unene wake unafanya joto lisipande na kushuka ovyo. Miaka ya 1990 kila mtu akataka matangi ya chuma yanayong'aa, wengine wakayavunja ya zege, leo wenzao wanarudi huko huko, Zuccardi kule bonde la Uco wanachachusha kwenye zege na wanajivunia. Kwa mapipa makubwa nenda López au Weinert. López bado wanatoa Montchenot, mvinyo wao mwekundu uliokaa miaka 10 kwenye mbao kubwa za zamani, una rangi imefifia na harufu ya ngozi na tini kavu, vijana wengi wa huko hawaupendi, mi naupenda sana.

Usitegemee kila kitu kiwe kimepakwa rangi. Miaka ya 1970 Muargentina mmoja alikuwa anakunywa kama lita 90 kwa mwaka, baadaye kiwango kikaporomoka, mizabibu mingi ya Malbec (aina ya zabibu nyekundu ambayo Mendoza inajulikana nayo) ikang'olewa na bodega kubwa zikafungwa, ndo maana Godoy Cruz utapita kuta ndefu za matofali ambazo ndani hamna mvinyo tena. Mashabiki wa mpira mnaijua klabu ya Godoy Cruz, ile inaitwa El Tomba? Hilo ni jina la Antonio Tomba, mwenye bodega, timu ya bodega yake iliungana na klabu mwaka 1930. Kwa mashine na vyombo vya kale nenda makumbusho ya La Rural pale Coquimbito, uone walivyokuwa wanakanyagia zabibu kwenye ngozi ya ng'ombe.

Usafiri sasa. Usiendeshe gari, unaonja halafu unaendesha ya nini. Kuna tramu inatoka Mendoza mjini inapita kwenye njia ya treni ya zamani mpaka Gutiérrez, Maipú, na ukishuka López iko karibu. Mabehewa ya mwanzo yalinunuliwa yametumika San Diego, Marekani. Baiskeli zinakodishwa pia, ila weka nafasi ya ziara mapema, na uulize kama Jumapili wanafungua maana wengi hawafungui, na mchana watu wanalala. Kutema mvinyo kwenye ndoo sio utovu wa adabu, utaheshimika zaidi. Msimu: Dodoma tumezoea kuvuna mara mbili kwa mwaka, kule ni mara moja, Februari mpaka Aprili hivi, ndo wakati bodega zinanuka chachu na wafanyakazi hawana muda na wewe. Kama unataka maelezo marefu nenda Mei.