Jupita moto: kwanini tuliziona hizi kabla ya sayari zingine

Watu wengi wakisoma habari za sayari zilizo nje ya mfumo wa jua letu wanabaki na picha moja tu kichwani, majitu ya gesi yanayoungua, yamejibana pembeni ya nyota zao na mwaka wao unaisha ndani ya siku tatu nne. Halafu wanaamua kwamba huko nje ndo kulivyo. Hapana jamani. Hizi sayari tunazoziita Jupita moto ni chache mno, kwenye nyota zinazofanana na jua letu ni kama nyota 1 kati ya 100 ndo inayo, na hesabu zingine zinatoa hata pungufu ya hapo. Ukishuka stendi sauti za kwanza kukufikia ni za wapiga debe, lakini huwezi kusema watu wote pale stendi ni wapiga debe.

Turudi 1995. Michel Mayor wa Chuo Kikuu cha Geneva na mwanafunzi wake wa udaktari Didier Queloz walikuwa wanapima nyota 142 kwa darubini ya Haute-Provence kule Ufaransa, wanatumia kifaa kinaitwa ELODIE ambacho kinachambua mwanga wa nyota na kukuonyesha kama nyota inatusogelea au inatukimbia. Maana sayari haizunguki nyota iliyotulia tuli, zote mbili zinazunguka kitovu kimoja cha uzito wao, kwa hiyo nyota nayo inayumba kidogo, ikija huku mwanga wake unaelekea kwenye bluu, ikienda kule unaelekea kwenye nyekundu. Sasa nyota moja inaitwa 51 Pegasi, iko miaka ya nuru 50 hivi kutoka hapa, ikawa inayumba kwa mita zaidi ya 50 kwa sekunde na inarudia vilevile kila baada ya siku 4.2. Queloz mwanzoni alihisi kifaa ndo kibovu. Wakasubiri mpaka Julai nyota ionekane tena, wakapima upya, ikawa ileile, na tarehe 6 Oktoba wakatangaza mbele ya wenzao huko Florence, Italia. Sayari yenye karibu nusu ya uzito wa Jupita, iko kama kilomita milioni 8 tu toka kwenye nyota yake, wakati Zebaki yetu hii tunayoiona imelikaribia jua mno iko milioni 58. Sayari zinazozunguka pulsa, yaani mabaki ya nyota iliyolipuka, zilikuwa zimeshapatikana 1992, ila hii ndo ilikuwa ya kwanza kwenye nyota ya kawaida kama jua. Nobel ya fizikia wakaja kuipata 2019.

Kinachonifurahisha zaidi kwenye hii stori ni Wamarekani. Geoffrey Marcy na Paul Butler walikuwa na vipimo vya miaka kadhaa tayari, vimekaa tu havijachambuliwa vyote, kwasababu kila mtu aliamini sayari kubwa lazima ichukue miaka mingi kuzunguka, sasa haraka ya nini? Waliposikia habari za 51 Pegasi wakaithibitisha ndani ya siku chache, wakarudi kufukua data zao na Januari 1996 wakatangaza sayari mbili zingine. Na kumbe Otto Struve alishaandika tangu 1952 kwamba sayari kubwa inaweza kukaa karibu kabisa na nyota na tukaikamata kwa njia hiihii! Hakuna aliyemjali.

Sasa ona kwanini hizi ndo zilitangulia. Jupita yetu inaliyumbisha jua kwa mita 12 hivi kwa sekunde, na ungehitaji kusubiri miaka 12 mzunguko ukamilike. ELODIE ilikuwa na makosa ya kama mita 13, kwahiyo Jupita yenyewe isingeonekana vizuri, na Dunia ndo usiseme, inaliyumbisha jua kwa sentimita 9 tu.

Njia ya pili nayo inazipendelea hizihizi. Sayari ikipita mbele ya nyota yake inaziba mwanga kidogo, kama HD 209458 b ambayo 1999 ilikuwa ya kwanza kuonekana hivyo, inapunguza mwanga kwa asilimia 1.5 hivi kila baada ya siku 3.5. Ila ili uone hicho kivuli lazima njia yake ilale sawasawa na macho yetu. Kwa sayari iliyojibana karibu na nyota uwezekano ni kama 1 kati ya 10, kwa iliyo mbali kama Jupita ni 1 kati ya 1,000. Ndo maana hata vifaa vidogo vilifanya kazi kubwa, mradi wa KELT wa kusaka sayari ulikuwa na lenzi ya upana wa sentimita 4.2 tu, kituo kimoja Arizona na kingine Sutherland, Afrika Kusini, ambapo hata WASP, mradi mwingine wa kusaka sayari, ulikuwa na kamera zake.

KELT ndo walituletea KELT-9b mwaka 2017, na hii ni balaa, upande wake wa mchana unafika nyuzi joto 4,300 za Selsiasi, moto kuliko nyota nyingi tu, na chuma na titani vimeonekana hewani vikiwa mvuke. Nasema upande wa mchana kwasababu hizi sayari kwa kawaida zimefungwa na mvutano wa nyota, uso mmoja unaangalia nyota milele na mwingine ni giza. Kwenye WASP-76b mvuke wa chuma ulionekana upande wa jioni, yaani mpakani hewa inapotoka mchana kuingia usiku, lakini sio wa asubuhi, inapotoka usiku, wengine wakasema usiku kule chuma kinanyesha kama mvua, tafsiri ambayo bado inabishaniwa. WASP-12b yenyewe inamaliza mwaka kwa saa 26 na inazidi kuanguka kuelekea nyota yake, imebakiza kama miaka milioni 3 hivi, ambayo kwa hesabu za nyota ni kesho kutwa.

Zilifikaje huko? Wengi wetu tunaamini hazikuzaliwa palepale, maana karibu na nyota malighafi ya kujenga jitu ni kidogo. Ama zilisukumwa taratibu na sahani ya gesi na vumbi wakati bado changa, ama zilipigwa kikumbo na sayari au nyota nyingine zikaingia njia ndefu ya yai, kisha mvutano wa nyota ukaifanya duara. WASP-17b inazunguka kinyume na nyota yake inavyojizungusha, na hilo linanifanya mimi niegemee kwenye vikumbo, angalau kwa baadhi yao.

Na zingine zina majina ya kwetu. 2019 Tanzania ilipewa nafasi ya kuzipa majina WASP-71 na sayari yake, nyota ikaitwa Mpingo na sayari Tanzanite, Kenya nao wakaita nyota yao Kalausi na sayari yake Buru, na sayari zote mbili ni Jupita moto, kila moja mwaka wake ni kama siku 3. Mpingo hutaiona kwa macho matupu. 51 Pegasi inawezekana, Oktoba mida ya saa 3 au 4 usiku angalia juu upande wa kaskazini, utafute nyota nne za kundi la Pegasi zilizopangana mraba, yenyewe iko nje kidogo ya ule upande wa magharibi, katikati. Ni hafifu kwelikweli, kwahiyo toka mjini kwenye taa, na kama una binokula usiiache.