Nyika Iliyo Chini ya Ardhi

Miaka minne iliyopita, mwishoni mwa kiangazi, nilichimba mashimo mawili katika mbuga moja wilayani Magu, mahali ambapo ukitazama kaskazini unaiona Ghuba ya Speke iking'aa kama bati jipya. Shimo la kwanza lilikuwa ndani ya ngitili, yaani malisho yaliyotengwa na kufungwa kwa msimu, ya mzee mmoja, ambayo kwa kumbukumbu yake na ya baba yake haikuwahi kulimwa. La pili lilikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, ng'ambo ya mpaka wa minyaa, katika shamba lililolimwa pamba kwa trekta kisha likaachwa kwa miaka minane. Mzee alikuja na kigoda chake, akaketi ukingoni, akauliza, "Mwanangu, mnatafuta maji au dhahabu?" Nilipomjibu kwamba natafuta mizizi ya nyasi, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba dhahabu angeielewa upesi zaidi.

Kwa msomaji asiye wa huku, nieleze kwamba mbuga kwa Wasukuma si hifadhi ya wanyama. Ni bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata kwenye viatu wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua hadi nyufa zikameza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ndimo yanamochongwa majaruba ya mpunga, na ndimo zinamoota nyasi bora za malisho.

Katika shimo la ngitili, sentimita thelathini za juu zilikuwa zimefumwa kwa mizizi myembamba kiasi kwamba donge nililolikata kwa jembe lilining'inia mkononi bila kumong'onyoka. Tulichagua shina moja la Themeda triandra, nyasi ndefu ambayo kiangazi hugeuka rangi ya shaba, tukaufuata mzizi wake kwa kisu na maji ya kopo. Tulifika mita moja na nusu, ukakatika ukiwa bado unaelekea chini. Katika shimo la pili udongo wa juu ulikuwa tifutifu, chini yake kulikuwa na tabaka gumu mahali ambapo plau ilikuwa ikipita mwaka baada ya mwaka, na magugu yaliyokuwa yamestawi juu yalikuwa na mizizi isiyozidi urefu wa kidole. Kwa aliyesimama barabarani, sehemu zote mbili zilikuwa za kijani kwa namna ileile.

Tofauti hiyo isiyoonekana barabarani ndiyo inayonishughulisha katika kazi yangu ya malisho. Mti huweka mtaji wake mahali pa kuonekana, lakini nyasi ya kudumu huuweka ardhini: zaidi ya nusu ya uzito wake, na mara nyingi theluthi mbili au zaidi, ni mizizi na vikonyo vilivyozikwa. Hata chipukizi lake la kukua halikai nchani. Liko usawa wa ardhi au chini kidogo, ndiyo maana ng'ombe, nyumbu, moto na hata theluji vinaweza kufyeka kila kilicho juu na nyasi ikarudi baada ya wiki chache. Plau haifyeki. Hupindua, ikaanika juani kile ambacho nyasi ilikificha, na kwa hilo nyasi haina kinga.

Kuchimba mashimo kwa ajili ya mizizi si uvumbuzi wangu. Aliyeifanya kazi hiyo kwa uvumilivu mkubwa alikuwa John Weaver wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, ambaye katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 alichimba mahandaki kwenye prairi na kuichora mizizi jinsi ilivyo, mingine ikizidi mita mbili kwenda chini. Wengi wetu tuliyakariri majina ya nyika za nyasi za namna hiyo katika somo la Jiografia: prairi Amerika Kaskazini, stepi kuanzia Ukraine hadi Mongolia, pampasi Argentina, veldi Afrika Kusini. Tulipata alama zetu, tukasahau. Mimi nilirudi kwenye majina hayo nikiwa mtu mzima, kwa sababu historia ya nyika zile za baridi inaonyesha kwa uwazi kabisa kinachotokea mbuga inapopinduliwa yote.

Kinachozitofautisha na zetu ni majira. Huku Kanda ya Ziwa nyasi hulala kwa kukosa mvua. Kule hulala kwa sababu ardhi imeganda. Mzizi unaokufa Magu huliwa na mchwa na vijidudu karibu mwaka mzima, kwa kuwa joto halikosekani, lakini mzizi unaokufa kwenye stepi hupata miezi michache tu ya kuoza kabla baridi haijarudi. Kinachosalia hujilimbikiza kwa maelfu ya miaka hadi kuwa udongo ambao Warusi huuita chernozem, yaani ardhi nyeusi, ambao mahali pengine una kina cha zaidi ya mita moja na rutuba isiyohitaji samadi kwa miaka mingi. (Msomaji asidhani kwamba mbuga zetu ni nyeusi kwa sababu hiyohiyo. Weusi wa mbuga unatokana zaidi na aina ya mfinyanzi wake, na mboji iliyomo ni kidogo kuliko rangi inavyodai.)

Rutuba hiyo ndiyo iliyoziponza. Mizizi ya prairi ilikuwa imeshikamana kiasi kwamba majembe ya chuma cha kawaida yalikuwa yakinasa udongo na kukwama, mpaka mwaka 1837 fundi mhunzi wa jimbo la Illinois, John Deere, alipotengeneza plau ya chuma cha pua laini ambayo udongo uliteleza juu yake. Haikupita karne moja, prairi ya nyasi ndefu ilikuwa mahindi na ngano. Leo imesalia chini ya asilimia 4 ya eneo lake la awali. Sehemu kubwa ya masalia hayo iko katika vilima vya Flint Hills, Kansas, na haikuachwa kwa sababu ya huruma ya mtu. Mawe ya chokaa na gumegume yako karibu mno na uso wa ardhi, plau ikashindwa. Kule kwenye nyanda kavu zaidi za magharibi hapakuwa na mawe ya kuikinga: zililimwa kwa wingi miaka ya 1920, ukame ukaja miaka ya 1930, na kwa kuwa mizizi iliyoshika udongo ilikwisha kuuawa, ardhi ilinyanyuka ikawa wingu. Tarehe 14 Aprili 1935 vumbi lilitanda mchana hadi watu wasione mikono yao, na Wamarekani bado wanaiita siku hiyo Jumapili Nyeusi. Miaka 19 baadaye Umoja wa Kisovyeti uliamua kupindua mamilioni ya hekta za stepi, nyingi zikiwa Kazakhstan, ili kupata ngano, na baada ya mavuno ya kwanza mazuri upepo ulianza kudai haki yake huko pia.

Wanyama wa nyika hizo walifuata hatima ya nyasi, lakini si wote kwa njia ile ile, na hapa swala saiga wa Kazakhstan anastahili kutazamwa kwa makini. Ni mnyama wa ajabu kumtazama, mwenye pua ndefu iliyoning'inia kama mfuko, inayochuja vumbi la kiangazi na kupasha joto hewa ya baridi kabla haijafika mapafuni. Baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika mwaka 1991, ujangili wa nyama na pembe ulimpunguza kutoka takriban milioni moja hadi chini ya 50,000. Mwaka 2015, wakati majike yamekusanyika kuzaa, zaidi ya saiga 200,000 walikufa katika muda wa wiki tatu hivi, kutokana na bakteria aitwaye Pasteurella multocida ambaye siku zote huishi ndani ya miili yao bila kuwadhuru, ila safari hiyo hali ya joto na unyevu usio wa kawaida ilimfungulia mlango. Wafugaji wetu wanaijua familia hiyo ya ugonjwa kwa ng'ombe. Pamoja na yote hayo, sensa ya mwaka 2023 ilihesabu saiga zaidi ya milioni 1.9. Jike huanza kuzaa akiwa na mwaka mmoja na mara nyingi huzaa pacha, ulinzi dhidi ya ujangili uliimarishwa, lakini kwa maoni yangu jambo la msingi ni kwamba maeneo makubwa aliyokuwa akiyatumia hayakuwahi kupinduliwa. Mnyama alikuwa na mahali pa kurudi. Nyati wa prairi, aliyeuawa kutoka makumi ya mamilioni hadi mia kadhaa kufikia miaka ya 1880, alipookolewa alikuta prairi yake imekuwa mashamba, na hadi leo wengi wao huishi ndani ya uzio.

Nyika hizo si za mbali nasi kama ramani inavyoonyesha. Kuanzia Oktoba na Novemba, mvua za vuli zinapoanza na kumbikumbi kutoka ardhini, tai wa stepi huwasili Serengeti na maeneo yanayoizunguka. Ndege huyo, ambaye kwao huishi kwa kuwinda kindi wa ardhini, huku kwetu hutembea kwa miguu akidonoa kumbikumbi kama kuku wa kienyeji. Tangu mwaka 2015 amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, na nyaya za umeme zinazopita kwenye stepi ni miongoni mwa vinavyomuua. Yupo pia ndege mdogo wa miguu mirefu, Charadrius asiaticus, anayetaga Kazakhstan na jirani zake na kuumaliza msimu wa baridi ya kwao kwenye nyasi fupi za Serengeti zilizokatwa na meno ya nyumbu.

Nikirudi kwetu, sitaficha kwamba na mimi nimewahi kuwa plau. Katika ajira yangu ya kwanza nilisimamia mradi wa kupanda mikaratusi kwenye uwanda wa nyasi ambao karatasi za mradi ziliuita "eneo wazi lisilotumika". Lilikuwa likitumika na ng'ombe wa vijiji viwili. Miche iliposhika, kivuli kiliua nyasi, ng'ombe wakahamia kwenye majaruba ya watu, na mwaka uliofuata nilikuwa nikisuluhisha kesi badala ya kuhesabu miti. Tangu hapo nikisikia mtu anaita nyika "eneo wazi" huwa namwomba kwanza jembe.

Wasukuma walikuwa na utaratibu wao kabla ya wataalamu kama mimi. Ngitili hufungwa mvua zinapoanza, nyasi zikakomaa na kuangusha mbegu, kisha hufunguliwa kiangazi kikipamba moto, sehemu kwa sehemu, kwa ndama na wanyama dhaifu kwanza. Mradi wa serikali wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulifanikiwa kwa kiasi kikubwa kwa sababu uliufufua utaratibu huo badala ya kung'ang'ania vitalu vya miche: ngitili ziliongezeka kutoka hekta 600 hivi hadi zaidi ya 300,000, na sehemu kubwa ya miti na nyasi zilizorudi zilichipua kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini muda wote. Mahali palipokuwa pamelimwa kwa kina hadi mizizi ikaisha, kufunga peke yake hakukutosha.

Mashimo yangu niliyafukia siku ileile. Lile la ngitili nililifukia kwa uangalifu, tabaka kwa tabaka kama nilivyolitoa, na mabonge ya juu nikayarudisha nyasi zikitazama juu, mzee akinisimamia kana kwamba natengeneza kaburi la ndugu. Mwezi uliopita nilipita kumsalimia, akanipeleka hadi mahali penyewe bila kuulizwa. Mraba ule bado unaonekana, una ukoka na magugu mawili matatu, na Themeda imesimama kuuzunguka pande zote nne bila kuingia ndani.