Maoni kuhusu Mlima Kenya: yanaenda wapi baraza likiisha?

Jambo lolote kubwa likipangwa kuhusu Mlima Kenya, iwe barabara, hoteli, mpaka wa msitu au njia mpya ya watalii, tangazo huwa ni lile lile: wananchi wanaombwa kutoa maoni. Hubandikwa kwenye ofisi ya chifu, husomwa kanisani baada ya sadaka, na siku hizi huzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Watu huja, huketi chini ya hema, huuliza habari za tembo na fidia, huandika majina, huondoka. Miezi hupita kimya. Baraza la pili likiitishwa, nusu ya viti hubaki vitupu, na sisi tunaofanya kazi ya kukusanya maoni huambiana kwamba wananchi hawajali. Nafikiri wanajali sana, ila wamechoka kusemea hewani. Makala haya yanaeleza maoni hayo hupitia wapi, hupotelea wapi, na kwa nini mlima ambao watu huuelekea wakiomba hauwezi kuulizwa habari zake kama tunavyoulizia mahali pa kuchimba kisima.

Tuanze na karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo inayoamua. Mbuga ya Taifa ya Mlima Kenya ilitangazwa mwaka 1949. Inaanzia karibu na pale msitu unapoishia na kupanda hadi kilele cha Batian, mita 5,199. Chini yake kuna msitu wa hifadhi unaouzunguka mlima kupitia Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka-Nithi na Meru. Shirika la Wanyamapori, KWS, na lile la Misitu, KFS, kila moja lina kauli yake humo. Serikali za kaunti zina mipango yao. Vyama vya jamii vya misitu, hivi tunavyoviita CFA, vina haki ya kuokota kuni, kukata nyasi, kuweka mizinga na kuchuma dawa kwa makubaliano maalum. Mwaka 1997 UNESCO iliuingiza mlima katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2013 eneo hilo likapanuliwa hadi Lewa na Ngare Ndare.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui: mlima uliingia katika orodha hiyo kwa vigezo vya asili peke yake, yaani uzuri wa mandhari na thamani ya ikolojia. Vigezo vya utamaduni havikutumika. Linganisha na misitu ya kaya, yaani vijiji vitakatifu vya kale vya Wamijikenda kule Pwani, iliyoorodheshwa mwaka 2008 kwa sababu ya utamaduni wa wenyewe. Kwa hiyo ofisa akikaa kuandaa mpango wa usimamizi wa Mlima Kenya, ana jedwali lenye safu ya barafu, safu ya tembo, safu ya maji na safu ya moto. Mzee akisimama kusema kwamba Ngai, yaani Mungu, hukaa Kirinyaga, kama Wagikuyu wanavyouita mlima huu, maneno yake hayana safu ya kuingia. Huandikwa chini ya "mengineyo", au huwekwa katika utangulizi kama pambo, na mpango unaendelea kama ulivyokuwa. Na mzee huyo hasemi jambo dogo. Wagikuyu huomba wakielekea mlima, Waembu na Wameru nao wana ibada zao na majina yao ya Mungu, na kuna koo ambazo mahali pao pa kutambikia pamo ndani ya msitu hadi leo.

Kuna tabaka lingine lisilohusu dini moja kwa moja. Miaka ya hamsini, wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika msitu huu huu, chini ya Jenerali China, Waruhiu Itote. Wapo waliokufa humo bila kuzikwa nyumbani. Kwa familia zao msitu ni mahali pa heshima, hata kama wao wenyewe ni Wakristo wasiotaka kusikia habari za matambiko.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii unapoanza. Baraza ni chombo kizuri cha kuulizia uzio wa umeme: kila mtu ana shamba, kila mtu amemwona tembo, kila mtu ana la kusema. Kwa mahali patakatifu baraza linaweza kuwa chombo kibaya kuliko vyote. Fikiria meza mbele, kipaza sauti, kijana wa kaunti na kalamu, na swali: "Wazee, maeneo yenu matakatifu ni yapi? Tunaomba mtuonyeshe kwenye ramani." Mzee anatazama ramani, anatazama umati, anasema yako mengi, kisha anaketi. Mwandishi anaandika kwamba jamii haikutaja eneo mahususi. Ukweli ni kwamba mzee huyo hana idhini ya kulitaja peke yake, au halitaji mbele ya watu wa rika fulani, au anajua vizuri kwamba likishatajwa kwenye ripoti, msimu ujao litakuwa na watalii na makopo ya bia. Na safu ya mbele ameketi mchungaji anayehubiri kila Jumapili kwamba kusujudu chini ya mugumo, mti mtakatifu wa Wagikuyu, ni ushetani. Nani atasema hapo?

Pwani wametuonyesha njia. Misitu ya kaya ilianza kutangazwa kuwa turathi za kitaifa mwaka 1992. Ukiuwekea msitu mzima mpaka mmoja na kanuni zake, huna haja ya kumuuliza mzee wa kaya fingo, yaani kago la kulinda kaya, limezikwa wapi. Unachohitaji kujua ni eneo lipi lisiguswe, si kilichomo ndani yake. Hata Mlima Kenya ingewezekana kuchukua maoni ya namna hiyo: wazee waonyeshe bonde zima au ukingo mzima wa mto, bila kutaja mti wala pango, na kikao kifanyike kwao, kwa lugha yao, kwa muda watakaoupanga wao. Mara nyingi muda huo ni mrefu kuliko bajeti ya ofisi. Baraza la wazee kama Njuri Ncheke la Wameru halitoi jibu siku hiyo hiyo kwa sababu tu gari la serikali linataka kurudi mjini kabla ya giza. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inatupa msingi wa kufanya hivyo, na Katiba, kifungu cha 69, inaiagiza serikali iyalinde maarifa hayo. Tunachokosa ni uvumilivu.

Kuna maswali ambayo fomu zetu hazina kabisa, ilhali wazee huyauliza. Mtu anayepanda kwenda kuomba alipe kiingilio langoni kama mtalii? Akitaka kuchinja mwanakondoo, anavunja kanuni ya mbuga? Majina ya vilele, Batian, Nelion na Lenana, ni ya malaiboni, yaani viongozi wa kiroho, wa Kimaasai, lakini aliyeyaweka ni Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika kileleni mwaka 1899. Hakumuuliza mtu. Sidai majina yabadilishwe. Nasema tu kwamba swali hilo ni halali kulitoa, na ofisa hana ruhusa ya kulicheka.

Turudi kwenye hema, nikueleze kuhusu karatasi moja ndogo. Ukifika kwenye baraza unapewa daftari: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Wengi hutia sahihi kwa sababu bila hiyo hakuna nauli wala soda. Orodha hiyo baadaye huambatanishwa nyuma ya ripoti. Kisheria inathibitisha kwamba ulikuwepo, basi. Ila nimesoma ripoti zinazohesabu sahihi hizo na kuandika kwamba wananchi waliunga mkono mradi, hata pale kumbukumbu za kikao zinapoonyesha watu wakipinga mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, soma kichwa cha karatasi. Kikisema "mahudhurio", sawa. Kikiwa hakina kichwa, kiandike mwenyewe kwa kalamu yako.

Jambo la pili ni wakati. Mwaka 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu. Mikutano ilikuwa imefanyika, lakini mapema, kabla utafiti wa athari haujakamilika, na watu hawakurudishiwa matokeo ili wayajadili. Yaani waliulizwa maoni kuhusu kitu ambacho hakikuwa kimeandikwa bado. Hukumu ile inahusu mlima sawasawa na bahari. Kwa mradi unaohitaji tathmini ya athari kwa mazingira, kanuni za 2003 zinadai mikutano isiyopungua mitatu na walioathirika, matangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, na tangazo la redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Ukiitwa kwenye mkutano ambapo hakuna hata ukurasa mmoja wa ripoti mezani, una haki ya kuuliza: mnatuuliza kuhusu nini?

Haki hiyo ina mpaka wake, na ni vizuri kusema wazi. Korti Kuu, katika kesi ya makaa ya mawe ya bonde la Mui kule Kitui mwaka 2015, ilieleza kwamba si lazima kila mtu azungumze, wala maoni ya wananchi si amri. Kinachotakiwa ni kwamba yazingatiwe kwa nia njema. Kusikilizwa na kuamua ni mambo mawili, na watu wa Uluru, ule mwamba mkubwa wa Australia, wanaijua tofauti hiyo. Waanangu, wenyeji wa mwamba huo, walikuwa wakiwasihi wageni kwa miaka wasiupande. Wageni wakasoma bango, wakapanda. Mambo yalibadilika kwa kuwa Waanangu wana viti 8 kati ya 12 vya bodi inayosimamia mbuga. Uluru, iliyoorodheshwa na UNESCO kwa vigezo vya asili mwaka 1987, iliongezewa vya utamaduni mwaka 1994. Mwaka 2017 bodi ikapiga kura, na tarehe 26 Oktoba 2019 kupanda kukakoma. Kwetu, ndani ya bodi zinazoamua, wazee wa mlima wana viti vingapi? Hilo nalo ni oni la kutoa.

Hema pia huacha watu nje. Wapagazi na waongoza watalii wa Naro Moru, Sirimon na Chogoria huwa juu mlimani siku ya baraza, kwa sababu ndiyo kazi yao. Akina mama wenye stakabadhi za kuni wanajua njia za msitu kuliko ofisa yeyote, lakini saa nne asubuhi wako humo humo msituni. Na mlima hauishii pale mashamba ya chai yanapoanza. Ewaso Ng'iro hunywesha mifugo ya Isiolo na Samburu, na Tana huzungusha mitambo ya umeme kabla ya kufika baharini. Mfugaji wa Isiolo haalikwi kwenye baraza la Nanyuki, ingawa mto ukikauka yeye ndiye wa kwanza kujua.

Kwa vitendo, basi. Ukitaka oni lako lisipotee, liandike, hata kwa Kiswahili cha kawaida au Kigikuyu, ukurasa mmoja unatosha: wewe ni nani, unaongelea sehemu gani ya mlima, unataka nini kifanyike au kisifanyike. Wazee wanaweza kuandika kwa pamoja na kusema kwamba maelezo mengine watayatoa faraghani. Baada ya kikao, omba kumbukumbu zake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Leseni ya mazingira ikitolewa na hukuridhika, rufaa hupelekwa mahakama ile ile iliyofuta leseni ya Lamu, ndani ya siku 60. Barua ipeleke mwenyewe, igongwe muhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala.