Kwa Nini Treni ya Hastings Hupita Hampden Park Mara Mbili?

Abiria anayetoka Brighton kwenda Hastings, katika pwani ya kusini ya Uingereza, hupita Hampden Park, stesheni ndogo ya kitongoji cha mji wa Eastbourne, kisha baada ya muda mfupi huiona tena, treni ikiwa imegeuza mwelekeo. Mgeni anaweza kudhani kwamba anarudishwa Brighton.

Maelezo mepesi ni kwamba wajenzi wa karne ya 19, kwa kubana matumizi, waliipindisha reli hadi Eastbourne. Ukweli ni kinyume chake. Reli ya mwaka 1846 kutoka Lewes, mji ulio upande wa Brighton, ilipita Polegate, kaskazini mwa Eastbourne, ikaelekea Hastings moja kwa moja na kuiacha kando Eastbourne, iliyokuwa bado mahali padogo. Tawi la kuifikia lilifunguliwa mwaka 1849, na Hampden Park ikafuata mwaka 1888, kwa jina la Willingdon. Kipande kilichonyooka kati ya Polegate na Pevensey, kijiji kilicho upande wa Hastings, kilitumika kwa zaidi ya karne moja, hadi huduma ya abiria ilipokomeshwa mwaka 1969 na reli zake hatimaye kung'olewa. Wanaowalaumu wahenga, basi, wanawalaumu watu waliojenga njia ya mkato.

Kilichobaki kina umbo la herufi Y. Mkono mmoja unatoka Lewes, wa pili unakwenda Hastings, na mguu unashuka hadi Eastbourne, ambako reli inakoma. Hampden Park iko kwenye mguu huo, chini kidogo ya panda. Kwa kuwa mikono hiyo miwili haiungani yenyewe kwa yenyewe, treni hushuka hadi mwisho wa mguu na kupanda tena. Haizungushwi: ina chumba cha dereva kila upande, hivyo dereva huhamia upande wa pili, mkia ukawa kichwa, na aliyeketi akitazama mbele akaendelea na safari kinyumenyume.

Treni moja, kwa hiyo, hukata mara mbili barabara iliyo kando ya stesheni, na vizuizi hushushwa mara mbili. Kivuko hicho hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa vyenye shughuli nyingi zaidi nchini, ingawa nafasi yake hutegemea kama yanahesabiwa magari, treni au vyote. Yamewahi kutolewa mapendekezo ya kurudisha kipande kilichonyooka. Treni zitakazokitumia zitafika Hastings mapema zaidi, lakini Hampden Park hazitaipita hata mara moja.