Mafuriko ya ghafla: ghafla kwa nani?

Juzi jioni, kwenye matatu ya kwenda South B, hapa Nairobi, nilimsikia mtangazaji wa redio akisema kwamba maji yaliyofunga barabara "yalikuwa mafuriko ya ghafla, kwa hivyo hakuna aliyeweza kujua." Hilo "kwa hivyo" ndilo lililonikalisha kuandika. Nalisikia kila masika, na kila mara likitamkwa mazungumzo huishia hapo.

Maana yenyewe ni fupi. Mafuriko ya ghafla ni maji yanayojaa mahali ambapo kwa kawaida ni pakavu, muda mfupi baada ya mvua kubwa. Wataalamu wa hali ya hewa huweka kikomo cha muda wa saa sita hivi. Yale yanayopanda polepole kwa siku kadhaa, kama ya Mto Tana kule Garissa, ni aina nyingine. Kinachopimwa ni saa, basi. Suala la kutabirika halimo.

Shida iko kwenye neno ghafla, ambalo wengine hulitamka ghafula. Limetoka Kiarabu, na huko lilikuwa linaeleza hali ya mtu: kutozingatia, kusahau, moyo kuwa mbali na kilicho mbele ya macho. Ndugu yake tunaye hadi leo, kughafilika. Mwalimu wa madrasa akimwambia mtoto "umeghafilika" hamaanishi kwamba somo lilipita mbio. Mtoto alikuwa anatazama dirishani. Neno lilihama kutoka kwa mtu likaenda kwenye tukio, hata leo tukisema ghafla tunawaza kasi tu. Sina ugomvi na safari hiyo. Ninachokataa ni mtu kuanza sentensi na kasi ya maji na kuimaliza na udhuru wa binadamu, kana kwamba ni jambo moja.

Maana Nairobi imelala kwenye mteremko. Upande wa Kikuyu na Dagoretti uko juu, Embakasi iko chini, na mito ya Nairobi, Mathare na Ngong yote inaelekea huko chini. Mvua ikipiga juu, mtu wa Mathare anaweza kuona mto ukipanda na kwake ni manyunyu tu. South C na Embakasi zimekaa juu ya udongo mweusi ambao ukishiba haunywi tena. Kwingine ni lami na mabati, na mtaro umejaa plastiki. Hayo yote yanajulikana kabla tone la kwanza halijaanguka, na kwamba masika ni Machi hadi Mei hakuna asiyejua.

Hata dhoruba hutuma mjumbe. Ule upepo wa baridi unaotangulia mvua kwa dakika chache, unaotimua vumbi na kung'oa mabati, ni hewa iliyopozwa na mvua ndani ya wingu, ikawa nzito, ikaporomoka na kusambaa ilipogonga ardhi. (Wengi huuita kimbunga, lakini kimbunga huzaliwa baharini.) Mama mboga akiuhisi tu, anakunja turubai.

Aprili 2024 mvua ilikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa Mto Mathare ulipovunja kingo usiku, watu wakapanda juu ya paa. Maji yalikuja kwa kasi, na hapo neno ghafla ni lake. Lakini aliyelala kando ya mto hakuwa ameghafilika. Alijua vizuri analala wapi. Hakuwa na kodi ya kulala kwingine.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, endelea kusema mafuriko ya ghafla, jina ni sahihi. Ila ukishalisema weka nukta. Kisha tuambie maji yalichukua dakika ngapi kufika barabarani, na mtaro ule ulizibuliwa lini mara ya mwisho.