Mikunjo Nitainyoosha, Mitaa Siigusi

Wiki hii tena. Mteja kafungua nakala yake ya Wonderground Map ya London, ramani ya picha iliyochorwa na MacDonald Gill, kaweka rula juu yake, kisha kaniuliza: "Mbona huyu bwana alikosea hivi?" Kukarabati ramani za picha ndiyo kazi yangu, na swali hili sasa nalijibu bila hata kuweka brashi ya gundi chini.

Hakukosea. MacDonald Gill alikuwa msanifu majengo, kupima alijua. Herufi zilizochongwa kwenye mawe ya makaburi ya wanajeshi wa Uingereza na makoloni yake ni kazi yake pia. Fundi wa namna hiyo hashindwi na barabara. Frank Pick wa reli za chini ya ardhi za London alimwagiza ramani hii iwe bango la kuwatia watu hamu ya kutembea, likatundikwa vituoni mwaka 1914. Anayelitazama tayari yuko kituoni. Skeli ya nini?

Ndiyo maana upeo wa macho umepinda kama mgongo wa kobe. Pale Harrow Road mkulima yuko shambani, kwa kuwa jina la barabara ni jina la haro pia, zana ya kuvunjavunja udongo. Kwenye bustani ya wanyama ya Regent's Park, dege la kutisha linamla mtoto aliyemwahidi mama yake kurudi kunywa chai saa kumi na moja. Ukingo wa mashariki unakuelekeza Harwich, Urusi na vijiji vinginevyo. Urusi, kijiji! Halafu mtu anatoa rula.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba mteja huyohuyo anaisifu ramani ya Harry Beck ya mwaka 1933, ile ya treni za chini ya ardhi za London, kwa "usahihi" wake. Beck alilaza mistari mingine, mingine akaisimamisha, mingine akaiinamisha digrii 45. Katikati ya jiji akapapanua, vituo vya mbali akavivuta karibu. Kutoka kituo cha Leicester Square hadi cha Covent Garden ni kama mita 260 tu, lakini ramani yake haikuambii. Mgeni anashuka ngazi, anangoja treni, kumbe kwa miguu angekuwa ameshafika. Wote wawili waliupinda mji, ila Beck aliupinda kwa mistari iliyonyooka, basi akaonekana mkweli.

Nakiri, si kila pindo la Gill ni hekima. Kule pembezoni, nikikaza lenzi, nashuku karatasi ilimwishia tu akaibana mitaa.

Mteja akaniuliza kama naweza kuirekebisha. Mikunjo ya karatasi, nikamwambia, ndiyo.